Helikopta Inapoanguka: Chanzo cha Ajali Hutafutwaje?

Chombo cha angani kinapoanguka, sababu hutajwa hata kabla ya moto kuzimwa. Huyu husema mafuta yalikwisha, yule husema rubani alikosea, na wa tatu husema kulikuwa na ukungu. Kila moja ya sababu hizo yawezekana, kwani kila moja imewahi kuangusha chombo mahali fulani duniani. Lakini jambo linalowezekana si lazima liwe ndilo lililotokea. Kazi ya mchunguzi ni kutoka katika orodha ndefu ya mambo yanayowezekana hadi kufikia jambo moja lililothibitishwa. Njia ya kufikia huko ni ile ile inayofundishwa katika maabara za shule zetu: kuweka nadharia tete, kutabiri dalili zake, kutazama kwa makini, kisha kuziacha nadharia zisizopatana na yaliyoonekana.

Katika makala hii tutaifuata njia hiyo kwa kutumia ajali moja iliyochunguzwa kwa kina, nayo ni ile iliyotokea nchini Norwei mwaka 2016.

Ajali yenyewe

Tarehe 29 Aprili 2016, helikopta ya aina ya EC 225 LP ilikuwa ikirudi kutoka jukwaa la kuchimbia mafuta la Gullfaks B, katika Bahari ya Kaskazini, kwenda uwanja wa ndege wa Bergen. Ndani yake walikuwamo abiria 11 na marubani 2. Karibu na saa sita mchana ilikuwa imeshuka kutoka futi 3,000 hadi futi 2,000, yaani kama mita 600 juu ya bahari, na ikawa imesafiri katika kimo hicho kwa muda wa dakika moja hivi. Ghafla rafadha kuu, yaani mapanga yote pamoja na kitovu chake, ilijitenga na mwili wa helikopta. Mwili ulianguka juu ya kisiwa kidogo karibu na Turøy, mafuta yakawaka, na sehemu kubwa ya mabaki ikaporomokea baharini. Watu wote 13 walikufa papo hapo. Rafadha ilionekana ikiendelea kuzunguka peke yake angani, kisha ikaanguka umbali wa mita 550 hivi kutoka pale ulipoangukia mwili.

Kutoka kimo cha mita 600, kitu kinachoanguka bila kuzuiwa na hewa huchukua sekunde 11 tu kufika chini. Mwanafunzi aweza kuhakikisha jambo hilo kwa kutumia kanuni ya mwendo yenye mchapuko wa mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde. Katika muda huo, na bila rafadha, hapakuwa na jambo lolote ambalo marubani wangeweza kufanya.

Helikopta inavyoning'inia angani

Ili tuelewe wachunguzi walitafuta nini, yafaa kwanza tukumbuke jinsi chombo hiki kinavyoruka. Ndege ya kawaida hupata kani ya kuinuliwa kwa kukimbiza mabawa yake hewani. Helikopta huyazungusha mabawa yenyewe, na ndiyo yale yanayoitwa mapanga. Helikopta ya aina tunayoizungumzia ina mapanga 5, na kipenyo cha rafadha yake ni mita 16.2. Rafadha huzunguka karibu mara 265 kwa dakika. Kwa hesabu rahisi, ncha ya panga hukata hewa kwa mwendokasi wa mita 225 hivi kwa sekunde, na mchapuko wake kuelekea kitovuni ni zaidi ya mara 600 ya ule wa uvutano wa dunia.

Chombo chote, ambacho uzito wake pamoja na abiria na mafuta waweza kufikia tani 11, huning'inia kwenye kitovu cha rafadha kama ndoo inavyoning'inia kwenye mpini wake. Kila kilicho chini ya kitovu hicho hubebwa na kilicho juu yake.

Injini za helikopta hii ni za gesi, nazo huzunguka kwa kasi kubwa sana. Mhimili unaotoka kwenye injini huzunguka karibu mara 23,000 kwa dakika. Kasi hiyo sharti ipunguzwe mara 87 hivi kabla ya kufika kwenye rafadha, na kazi hiyo hufanywa na sanduku la gia, ambalo mafundi wetu huliita giaboksi. Kasi inapopungua, nguvu ya kuzungusha huongezeka karibu kwa kiasi hicho hicho. Kwa hiyo gia za mwisho, zile zilizo karibu na rafadha, ndizo zinazobeba mzigo mkubwa kupita zote.

Gia hizo zimepangwa kwa mfano wa jua na sayari. Katikati ipo gia moja inayoitwa gia ya jua. Kuizunguka zipo gia sayari 8, na nje yake ipo duara kubwa lenye meno kwa ndani. Kila gia sayari huzunguka juu ya beringi yenye vyuma vidogo vyenye umbo la pipa. Tena, ukuta wa ndani wa gia hiyo ndio njia ambayo mapipa hayo hubingirikia. Hivyo kipande kimoja cha chuma kina kazi mbili: nje ni gia, na ndani ni sehemu ya beringi. Msomaji alikumbuke jambo hili, kwani tutalirudia.

Orodha ya sababu zinazowezekana

Mchunguzi huanza kwa kuandika kila jambo liwezalo kuleta ajali ya namna ile aliyoikuta. Kisha, kwa kila jambo, hujiuliza: kama hili ndilo lililotokea, ni alama gani ambazo sharti zionekane?

Injini zikizimika, helikopta haianguki kama jiwe. Rubani hupunguza pembe ya mapanga, na hewa inayopanda kutoka chini huendelea kuyazungusha, kama vile pangaboi la karatasi linavyozungushwa na hewa mtoto anapokimbia nalo. Chombo huweza kuteremka hivyo hadi chini. Kwa hiyo, kama injini ndizo zilizokuwa na hitilafu, rekodi zingeonyesha kasi ya injini ikishuka, na rafadha ingekuwa bado mahali pake.

Rafadha ya mkia ikiharibika, mambo huwa mengine. Injini inapoisukuma rafadha kuu upande mmoja, mwili wa helikopta husukumwa upande wa pili, kwa mujibu wa kanuni ya tatu ya Newton. Rafadha ndogo ya mkiani ndiyo inayouzuia mwili usizunguke. Ikishindwa, mwili huanza kuzunguka, na dira huonyesha upande ukibadilika upesi.

Kama rubani amepotewa na mwelekeo mawinguni, chombo huinama na kushuka kikiwa kizima, hata kigonge ardhi au bahari. Mabaki yake hukutwa mahali pamoja. Hali kadhalika kama mafuta yamekwisha, matangi hukutwa matupu na moto huwa haba.

Sasa tulinganishe na Turøy. Rafadha ilikuwa nusu kilomita mbali na mwili. Mabaki yalitawanyika katika eneo la mita za mraba 180,000 hivi, nchi kavu na baharini. Mafuta yalikuwamo, kwani yaliwaka. Mashahidi waliiona rafadha ikizunguka peke yake. Kwa dalili hizo tu, bila hata kifaa kimoja cha maabara, sehemu kubwa ya orodha ilikuwa imefutika. Chombo kilikuwa kimevunjika angani, si chini.

Ushahidi wa kinasa safari

Kila helikopta ya aina hii hubeba kinasa safari, ambacho huhifadhi sauti za marubani pamoja na vipimo vya mwendo, kimo, injini na usukani. Kifaa hicho kilipatikana na kusomwa. Kilionyesha safari ya kawaida kabisa. Hapakuwa na taa ya hatari iliyowaka, wala neno la wasiwasi kutoka kwa marubani. Kisha rekodi ikakatika kwa ghafla, wakati ule ule rafadha ilipojitenga.

Watu wengi wangedhani rekodi isiyo na kitu cha ajabu haina faida. Sivyo. Ukimya wa rekodi ile uliwaambia wachunguzi mambo mawili. Kwanza, marubani hawakufanya jambo lolote lisilo la kawaida. Pili, hitilafu iliyoiangusha helikopta ilikuwa imejificha mahali ambapo hakuna kifaa cha onyo kilichoiona.

Mashaka matatu yaliyobaki

Mwisho wa mwezi Mei mwaka ule, tume ya uchunguzi wa ajali ya Norwei ilikuwa imebakiwa na mashaka makubwa matatu. La kwanza lilihusu gia sayari zenyewe. La pili lilihusu vyuma vya kuning'inizia, yaani nguzo tatu zinazounganisha sanduku la gia na mwili wa helikopta. La tatu lilihusu ganda lenye umbo la pia lililo juu ya sanduku hilo. Yoyote kati ya hayo matatu yangeweza kuitenga rafadha.

Shaka la pili lilikuwa zito. Nguzo hizo hufungwa na kufunguliwa na mafundi wakati wa matengenezo, na pini moja tu iliyosahauliwa yaweza kuleta maafa. Lau uchunguzi ungekomea hapo, lawama zingewaangukia mafundi, na sanduku la gia la kila helikopta nyingine ya aina hiyo lingeendelea kutumika bila kutiliwa mashaka.

Uamuzi ulitegemea vipande vya chuma vilivyokuwa chini ya bahari. Wapiga mbizi walivitafuta, na sumaku zikatumiwa kupekua mchanga na tope. Miongoni mwa vipande vilivyopatikana, viwili vilipounganishwa vilifanya karibu nusu ya gia sayari moja. Vilipelekwa maabara na kutazamwa kwa hadubini. Tarehe 1 Juni 2016 tume ilitangaza kwamba sura ya mvunjiko ule ilikuwa na alama za uchovu wa metali. Siku ya pili yake, mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya ilizisimamisha helikopta za aina hiyo.

Ufa unavyosomwa

Uchovu wa metali ni nini? Chukua kipande cha waya. Ukikivuta kwa mkono hakikatiki. Ukikikunja na kukikunjua mara nyingi mahali pamoja, hukatika, ingawa kila mkunjo ulikuwa mdogo. Chuma chaweza kuvunjwa na mzigo mdogo uliorudiwa, hata kama kingeustahimili mzigo huo huo ukiwekwa mara moja tu. Ufa huanzia kwenye dosari ndogo, kisha husonga mbele kidogo kidogo kila mzigo unaporudi.

Kila hatua ya ufa huweza kuacha mstari mwembamba sana kwenye uso wa mvunjiko, mfano wa mistari inayoachwa mchangani na maji yanayokupwa. Mtaalamu huifuata mistari hiyo kurudi nyuma hadi pale ufa ulipozaliwa. Mvunjiko wa pigo moja la ghafla hauna mistari hiyo, bali huwa na uso wa kukwaruza au wa kuchanika. Kwa hiyo vyuma viwili vilivyovunjika katika ajali moja vyaweza kutenganishwa: hiki kilivunjika kwa sababu ya kuanguka, na kile kilikuwa kikivunjika kwa muda mrefu kabla ya kuanguka.

Katika gia ya Turøy, wataalamu walifuata ufa hadi kwenye kishimo kidogo mno, cha kuonekana kwa hadubini, kwenye ukuta wa ndani ambako mapipa ya beringi hubingirikia. Kutoka hapo ufa ulikwenda chini ya uso wa chuma, ukiwa umefichika, na baadaye ukageuka kuelekea nje, kwenye meno. Ulipofika huko, gia ilipasuka. Gia moja ikipasuka katikati ya nyingine saba zinazosukumana, sanduku zima husambaratika.

Kulikuwa na swali jingine. Sanduku lile la gia lilikuwa limepata ajali ya barabarani mwaka 2015 huko Australia, likiwa linasafirishwa. Lilikaguliwa na kutengenezwa, kisha likafungwa kwenye helikopta ile Januari 2016, likaruka saa 260. Katika saa hizo rafadha ilikuwa imezunguka zaidi ya mara milioni 4. Ni nani ambaye asingesema kwamba chanzo ndicho hicho? Hata hivyo wachunguzi hawakupata alama yoyote katika chuma iliyounganisha ajali ile ya barabarani na ufa. Jambo kutangulia jingine halitoshi kulifanya kuwa chanzo chake. Pia hawakupata ushahidi kwamba matengenezo ya mafundi wa kampuni iliyoirusha helikopta yalichangia.

Deni la mwaka 2009

Haya yote yalikuwa yamekwisha kutokea mara moja. Tarehe 1 Aprili 2009, helikopta ya aina ya AS 332 L2, ambayo ni ndugu wa ile ya Norwei, ilikuwa ikirudi Aberdeen, Uskoti, kutoka jukwaa la mafuta la Miller. Ilikuwa katika kimo kile kile cha futi 2,000. Gia sayari ya hatua ya pili ilipasuka, rafadha ikajitenga, na watu wote 16 wakafa.

Wachunguzi wa Uingereza waligundua kwamba ufa wa uchovu wa metali ndio ulioipasua gia. Lakini sehemu ya gia hiyo haikupatikana baharini, na mwanzo wa ufa ulikuwa kwenye sehemu hiyo. Ilijulikana nini kilivunjika. Haikujulikana kwa nini kilianza kuvunjika.

Ilijulikana vile vile kwamba siku saba kabla ya ajali hiyo, chembe ya chuma ilikutwa kwenye sumaku ndani ya sanduku la gia. Sumaku hizo huwekwa kwenye mafuta ya kulainishia ili zinase vipande vinavyobanduka kutoka kwenye gia zinazochakaa. Onyo lilikuwapo, ila halikutambuliwa lilimaanisha nini. Basi hatua nyingi zilizochukuliwa baadaye zililenga kulifanya onyo hilo lionekane mapema zaidi na likaguliwe mara nyingi zaidi.

Hatua hizo zilikuwa za busara kwa kadiri ya yaliyojulikana. Lakini ndani yake mlikuwa na sharti ambalo halikuthibitishwa, kwamba gia inayokufa hutoa chembe za kutosha kabla ya kupasuka. Gia ya Turøy haikufanya hivyo. Ufa ulisafiri chini ya uso, ukabandua chembe chache tu, na sumaku hazikutoa onyo. Ripoti ya mwisho, iliyotolewa Julai 2018, ilisema wazi kwamba hatua zilizofuata ajali ya mwaka 2009 hazikutosha kuzuia rafadha nyingine isipotee.

Ripoti hiyo ilitaja jambo jingine ambalo kila mwanafunzi wa sayansi hana budi kulitafakari. Ni gia sayari chache tu za aina hiyo zilizowahi kufikia umri uliokusudiwa. Nyingi ziliondolewa mapema wakati wa ukaguzi kwa sababu ya dosari. Ziliondolewa kama kanuni zilivyotaka, lakini hazikuwa zikichunguzwa kwa kawaida ili ijulikane kwa nini zilikuwa na dosari. Hivyo gia ambazo zingeweza kutoa jibu zilipita mikononi mwa watu bila kuulizwa swali.

Baada ya ajali ya mwaka 2016, gia za aina iliyopasuka ziliondolewa katika matumizi na kubaki zile za umbo jingine ambalo beringi yake haielemewi sana. Muda wa kutumika ulifupishwa, na ukaguzi wa chembe ukakazwa.

Kwa walimu na wanafunzi

Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, unaoongoza usafiri wa anga duniani, una kiambatisho kinachosema kwamba shabaha ya kuchunguza ajali ni kuzuia ajali nyingine, wala si kumtafuta wa kulaumiwa. Wengine huona maneno hayo kuwa ni upole tu. Mfano wa Turøy waonyesha kuwa ni kanuni ya kazi. Anayemtafuta mkosaji huacha kutafuta mara anapompata mtu. Anayetafuta chanzo hana ruhusa ya kuacha mpaka alama zote zimeelezwa, na kama kuna alama isiyoelezwa, sharti aiandike hivyo, ili wanaokuja baadaye wajue kwamba hatari ingali hai.

Darasani, uchovu wa metali waweza kuonyeshwa bila gharama. Wanafunzi wakate vipande 20 vya waya wa aina moja na urefu mmoja. Vipande 5 vikunjwe na kukunjuliwa kwa pembe ya nyuzi 30, vingine 5 kwa nyuzi 45, vingine 5 kwa nyuzi 60, na 5 vya mwisho kwa nyuzi 90, mpaka vikatike. Idadi ya mikunjo iandikwe, wastani utafutwe, na grafu ichorwe. Wataona kwamba pembe ikipungua, umri wa waya huongezeka sana. Wataona pia kwamba vipande vitano vilivyofanana kwa kila hali havikatiki kwa idadi moja ya mikunjo. Mwalimu awaulize: je, kama waya huu ungekuwa ndani ya sanduku la gia, mngeuondoa baada ya mikunjo mingapi? Baada ya wastani, au kabla yake? Na kile kipande kilichowahi kukatika kuliko vyote, mngekitupa, au mngekiweka chini ya hadubini?